Mehboob Khan, mmoja wa wezi arubaini

Wapenzi wa picha za Kihindi katika pwani yetu ni wengi, na mapenzi hayo si ya jana. Kaa barazani Mombasa, Malindi au Lamu, uwaulize watu wazima majina ya wachezaji wa zamani, watakutajia Nargis, Dilip Kumar, Raj Kapoor na Sunil Dutt bila ya kuvuta pumzi. Watakuimbia na nyimbo zao pia, hata kama maana yake hawaijui, kwani waimbaji wetu wa taarabu walizichukua sauti za picha hizo wakazitia maneno ya Kiswahili, zikaimbwa katika maarusi mpaka zikawa kama mali yetu. Lakini uliza ni nani aliyewasimamisha wachezaji hao mbele ya kamera, nani aliyewaambia walie wapi na wanyamaze wapi, hapo utaona baraza zima limenyamaza.

Mmoja wa watu hao alikuwa marehemu Mehboob Khan, aliyeitengeneza "Mother India", picha ambayo iliwaliza mama zetu na bibi zetu. Nimemchagua yeye kwa kuwa wapo vijana wanaonijia kuniuliza njia ya kuingilia kazi ya filamu, kuziandika na kuziongoza, na wengi wao huanza kwa kunieleza vitu wasivyokuwa navyo. Hawana cheti cha chuo, hawana kamera nzuri, hawana mjomba katika televisheni. Mehboob naye hakuwa na kimoja katika hivyo, na juu ya hayo hata shule ya maana hakuwa nayo.

Alizaliwa mwaka 1907 huko Bilimora, mji mdogo wa Gujarat, katika eneo lililokuwa chini ya mfalme wa Baroda. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Mehboob Khan Ramzan Khan. Watu wa kwao walikuwa Waislamu wa hali ya chini, na mtoto wao hakuketi darasani muda wa kutosha kujipatia elimu ya kutajika. Kilichomshika moyo tangu utotoni ni senema. Akatoroka nyumbani kwenda Bombay, mji ambao leo unaitwa Mumbai, akarudishwa, akaozwa mke kwa matumaini kwamba ndoa itamtuliza, na haikumtuliza. Akarudi tena Bombay.

Wakati huo, katika miaka ya 1920, filamu zilikuwa bubu. Watu walicheza, maneno yakaandikwa kwenye kitambaa baina ya picha na picha, na ndani ya ukumbi wapiga ala wakapiga muziki. Bombay ilikuwa na makampuni kadhaa ya kutengeneza filamu, na kila kampuni iliendeshwa kama karakana. Mpiga picha, seremala, mshona nguo na mchezaji, wote walikuwa watu wa mshahara wa mwezi. Chini yao kabisa walikuwako wale wa kujaza makundi: askari wasiokuwa na jina, watu wa sokoni, watumwa wa mfalme. Hao walisimama langoni asubuhi wakingoja kuitwa.

Mehboob aliingia kwa lango hilo. Kampuni ya Imperial, ya Mpasi mmoja aitwaye Ardeshir Irani, ilikuwa inatengeneza filamu ya Alibaba mwaka 1927, na kila mtoto wa pwani aliyesimuliwa hadithi na bibi yake anajua kwamba Alibaba hawezi kuwa Alibaba bila ya wezi arubaini. Walihitajiwa watu arubaini. Mmoja wao akawa Mehboob. Nadhani hakuna mwanzo ulio mdogo kuliko huo: kuwa mwizi mmoja kati ya wezi arubaini, katika picha isiyokuwa na sauti, ambapo mtazamaji hawezi hata kukutambua kwa kikohozi chako.

Alikaa hapo Imperial akicheza vijisehemu vidogo vidogo, na bahati ikakaribia kumfikia mapema. Mwaka 1931 Ardeshir Irani alitoa "Alam Ara", filamu ya kwanza ya Bara Hindi yenye sauti na nyimbo. Ilionyeshwa mara ya kwanza tarehe 14 Machi katika nyumba ya senema iitwayo Majestic huko Bombay, na watu wakajaa njiani. Mehboob alikuwa amefikiriwa kwa nafasi ya stelingi katika picha hiyo. Fikiria, msomaji wangu, mtu aliyeanza katika kundi la wezi kuitwa awe stelingi wa picha ya kwanza kusema! Lakini wenye kampuni wakaogopa kuitia fedha yao mikononi mwa mtu asiyejulikana, wakampa nafasi hiyo Master Vithal, aliyekuwa na jina kubwa wakati wa picha za bubu.

Kisa cha Vithal chenyewe kina mchezo wake. Kampuni aliyoiacha ilimshitaki kwa kuvunja mkataba, na wakili aliyemtetea akashinda kesi ile hakuwa mwingine ila Muhammad Ali Jinnah, yule aliyekuja baadaye kuiasisi Pakistan. Halafu, baada ya taabu yote hiyo, ikaonekana kwamba ulimi wa Vithal haukuwa mwepesi kwa Kiurdu, ikabidi apangiwe mambo ili sehemu kubwa ya picha awe kama mtu aliyepumbaa, asiyesema sana. Ndivyo picha ya kwanza ya sauti ilivyopata stelingi wa kunyamaza, na Mehboob akabaki pembeni anatazama.

Wengi katika hali hiyo wangerudi Bilimora kulima. Yeye alihamia Sagar, kampuni nyingine iliyokuwa na uhusiano na Irani huyo huyo, akaendelea kucheza nafasi za pili na za tatu. Hapo ndipo ninapowaomba vijana wasome kwa makini, kwani miaka hiyo minne ya Sagar, tangu 1931 hadi 1935, haina sifa yoyote katika vitabu, na kwa maoni yangu ndiyo chuo chake kikuu. Mchezaji mdogo huwa na muda mwingi wa kukaa bure. Wenzake wakicheza karata, yeye anaweza kutazama taa inawekwa wapi, kwa nini kamera imesogezwa, kwa nini mwongozaji amekata maneno ya ukurasa mzima na kubakisha jicho moja tu. Mtu wa kutazama hivyo anapokaa karakanani miaka minane, kutoka 1927, hatoki mikono mitupu.

Akapata pia kitu ambacho hakiuzwi dukani: rafiki mwenye ujuzi. Faredoon Irani alikuwa mpiga picha hapo Sagar, na alimwamini Mehboob kabla ya wenye kampuni kumwamini. Mwongozaji mpya akikubaliwa na mpiga picha wake, nusu ya mlima amekwisha upanda, kwa kuwa wakubwa wa kampuni huangalia uso wa yule anayeijua kazi kabla ya kumsikiliza yule anayeiomba.

Sasa swali la maandishi. Mtu asiyekuwa na shule aliandikaje filamu? Jibu ni kwamba alisimulia. Desturi ya senema ya Bombay, na haijesha hata leo, ni kwamba hadithi husimuliwa kwa mdomo mbele ya mwenye fedha na mbele ya mchezaji mkubwa, tangu mwanzo hadi mwisho, na msimulizi hulia, hucheka, huinuka kitini na kupiga upanga wa hewani. Akiwachosha, makaratasi yake hayatamfaa kitu. Basi kwa kazi kama hiyo kijana wa Bilimora hakuwa nyuma ya mtu yeyote. Sisi watu wa pwani, tuliolelewa kwa hadithi za Abunuwasi na za Alfu Lela U Lela, tunafahamu vyema kwamba kuna bibi asiyejua kushika kalamu ambaye akianza paukwa hakuna mtoto atakayesinzia.

Hadithi yake ya kwanza iliitwa "Al Hilal", nasi hatuhitaji kutafsiriwa neno hilo. Ilitoka mwaka 1935. Ilieleza habari za mtoto wa sultani wa Kiislamu aliyetekwa na majeshi ya Warumi, ikawa na vita, mapenzi na gereza. Mehboob alikuwa amezipenda picha kubwa kubwa za Mmarekani Cecil B. DeMille, hasa "The Sign of the Cross" iliyotoka mwaka 1932, yenye Warumi na Wakristo wanaoteswa. Akachukua ukubwa ule, akaondoa Wakristo, akaweka watu wa kwao. Mkali wa sheria anaweza kusema ni kuiga. Mimi naona ni kama fundi wa majahazi anayeiona merikebu ya Kizungu, akaenda kujenga chombo chake kwa mbao za hapa na tanga la hapa. Picha ilikubaliwa, na aliyeipiga alikuwa Faredoon Irani. Tangu siku hiyo mpaka picha ya mwisho ya Mehboob, miaka 27 baadaye, Faredoon ndiye aliyekuwa nyuma ya kamera yake karibu kila mara.

Picha nyingine zikafuata haraka: "Deccan Queen" na "Manmohan" mwaka 1936, "Jagirdar" mwaka 1937, "Watan" na nyinginezo mwaka 1938, "Ek Hi Raasta" mwaka 1939. Hapa alionyesha busara ya pili. Kwa kuwa alijua upungufu wake, hakuona haya kukaa na watu wa kalamu. Zia Sarhadi alimwandikia, Babubhai Mehta akamletea visa alivyovisoma katika vitabu vya nje, na baadaye Wajahat Mirza, Aghajani Kashmeri na Ali Raza wakamtungia mazungumzo. Mwongozaji asiyesoma alizungukwa na wasomaji, wao wakimletea maneno na yeye akiwaambia lipi litamfikia mkulima aliyeketi viti vya mbele vya bei rahisi. Nimewaona watu wenye shahada wanaokataa kuonyesha maandishi yao kwa mwenzao hata mmoja wasije wakarekebishwa. Hao watangoja sana.

Mwaka 1940 alitoa filamu mbili zinazostahili kutajwa pamoja. Moja ilikuwa "Alibaba". Ndiyo, hadithi ile ile. Miaka 13 baada ya kusimama katika kundi la wezi, yeye ndiye aliyewachagua wezi. Ya pili ilikuwa "Aurat", maana yake mwanamke, nayo ilitengenezwa chini ya National Studios, kampuni iliyozaliwa pale Sagar ilipounganishwa na wengine. Mchezaji mkuu alikuwa Sardar Akhtar, ambaye Mehboob alikuja kumwoa mwaka 1942. Hadithi ya "Aurat" ni ya mama wa kijijini, deni, njaa, na mtoto aliyeharibika. Tutairudia, kwa sababu yeye mwenyewe aliirudia.

"Roti", yaani mkate, ilitoka mwaka 1942, na ni picha ya ukali wa ajabu juu ya wenye mali. Mwishowe tajiri anakufa jangwani kwa kiu huku dhahabu yake iko naye garini na haimnunulii tone la maji. Muda mfupi baada ya hapo Mehboob aliacha kufanya kazi za watu akaanzisha kampuni yake mwenyewe, Mehboob Productions, na hapo alifanya jambo linaloshangaza watu mpaka leo. Alama ya kampuni ilikuwa nyundo na mundu, mfano wa ile ya Urusi, na juu yake ikasikika sauti ya beti la Kiurdu linalorudisha mambo yote kwa Mwenyezi Mungu. Wakomunisti walimwona wao si wao, na masheha walimwona hivyo hivyo. Nionavyo mimi, hakuna mgongano mkubwa kama unavyodhaniwa. Nyundo na mundu kwake vilikuwa vyombo vya fundi na mkulima, watu aliotoka kwao, na riziki ya wote wawili iko kwa Mola.

Wanaosimulia habari zake wanasema alikuwa mtu wa sala tano, na kazi ya studio haikumzuia kutandika msala. Nalitaja hili kwa kuwa wako wazee wetu ambao kijana akitamka neno filamu huona amekwisha potea. Sidai kwamba kila picha ni njema, na wazee wana haki ya kuuliza kijana anakwenda kufanya nini huko. Lakini katika miaka ya 1940 Mehboob alitengeneza picha za maisha ya Waislamu ambazo mtu angeweza kwenda na mama yake. "Najma" ya mwaka 1943 ilihusu mapenzi na wajibu katika nyumba za Waislamu wa Lucknow. "Humayun" ya mwaka 1945 ilimweleza mfalme wa Kimughali anayemfanya binti wa Kihindu kuwa dada yake, wakati Waislamu na Wahindu wa nchi hiyo walikuwa wanaanza kutazamana kwa macho mabaya. "Elaan", yaani ilani, ilitoka mwaka 1947 na kuwahimiza Waislamu watafute elimu. Mtu aliyekosa shule ndiye aliyelipia ilani hiyo kwa fedha zake.

Mwaka huo huo nchi ikagawanyika. Wengi wa senema walihama kwenda Pakistan, akiwemo Noor Jehan, ambaye sauti yake mwaka uliotangulia iliipamba "Anmol Ghadi", picha ya Mehboob iliyopendwa mno kwa muziki wa Naushad. Mehboob alibaki Bombay. Alibaki pia na Naushad, kijana wa Lucknow ambaye naye alikuja mjini humo bila kitu, na wawili hao wakafanya kazi pamoja mpaka mwisho.

Baada ya hapo sifa zikawa hazikamatiki. "Andaz" ya mwaka 1949 iliwaweka Dilip Kumar na Raj Kapoor katika picha moja, jambo ambalo halikutokea tena, na baina yao akawekwa Nargis, ambaye Mehboob ndiye aliyempa nafasi yake ya kwanza kama mchezaji mkuu wa kike katika "Taqdeer" mwaka 1943, akiwa bado msichana mdogo. "Aan" ya mwaka 1952 ilikuwa ya rangi, wakati filamu za rangi Bara Hindi zilikuwa bado ni mwujiza. Aliipiga kwenye ukanda mwembamba wa milimita 16, kisha ukanda ukapelekwa London kukuzwa na kutiwa rangi za Technicolor. Ilionyeshwa London kwenyewe na katika nchi nyingi, ikatiwa mpaka maneno ya Kifaransa. Mwaka 1954 alifungua studio yake katika mtaa wa Bandra, Mehboob Studio, na mwaka huo huo "Amar" ikaanguka, watu hawakuipenda. Basi hata mwenye studio huanguka.

Sasa twende kwenye "Mother India". Mehboob aliichukua "Aurat" yake ya mwaka 1940 akaitengeneza upya, kwa rangi na kwa fedha nyingi zaidi. Jina lenyewe lilikuwa la ubishi. Mwaka 1927 Mmarekani Katherine Mayo alikuwa ameandika kitabu chenye jina hilo hilo akiwatukana Wahindi, na serikali mwaka 1955 iliposikia jina hilo ilitaka maelezo. Kampuni ikapeleka maandishi ya filamu na kueleza kwamba nia yao ni kuliosha jina hilo. Katika kupiga picha, kijijini Umra karibu na Surat, moto wa majani makavu ulimzunguka Nargis na Sunil Dutt akaingia kumtoa. Mwaka uliofuata wakaoana, na habari hiyo twaijua sote kuliko tunavyoijua picha yenyewe.

Hadithi ni hii. Bibi harusi Radha anaingia nyumbani kwa mumewe na kukuta kwamba harusi yake ilifanywa kwa mkopo. Mama mkwe amechukua rupia 500 kwa mla riba wa kijiji, Sukhilala, na kuweka rehani shamba. Mkataba umeandikwa, na mama huyo hajui kusoma. Mla riba anasema makubaliano yalikuwa hivi, mama anasema yalikuwa vile, wazee wa kijiji wanaangalia karatasi, na karatasi iko upande wa aliyeiandika. Kuanzia hapo mazao yanakwenda kwa Sukhilala mwaka baada ya mwaka. Mume anapondwa mikono na jiwe akijaribu kufungua shamba jipya, anaona aibu, anaondoka. Gharika inakuja, watoto wanakufa. Wanaobaki ni Ramu, mtulivu, na Birju, mwenye moto. Birju anataka kuijua siri ya daftari la mla riba, anataka afundishwe kusoma ili aone deni limeandikwaje, na herufi hazimwingii. Mwishowe anachukua bunduki, anakuwa mnyang'anyi, anamwua Sukhilala, na mama yake mwenyewe anampiga risasi kwa kuilinda heshima ya binti wa kijiji.

Watu wengi huikumbuka risasi ile. Mimi hukumbuka karatasi. Sisi tunaojua riba imeharamishwa kwa nini tunaielewa hadithi hii bila ya kueleza, lakini nadhani mwenye kuitunga alikuwa na jambo lake la ndani zaidi. Mtu aliyefika Bombay bila elimu, akatia saini mikataba ya makampuni, akanyimwa nafasi ya kwanza kubwa kwa sababu ambazo wenye fedha walizijua wao, alifahamu uzito wa karatasi inayosomwa na upande mmoja tu. Aliitengeneza hadithi hiyo mara mbili, kwa miaka 17 baina yake, na mara zote mbili mla riba alichezwa na mtu yule yule, Kanhaiyalal. Mama alibadilishwa, watoto walibadilishwa, rangi ziliongezwa, lakini uso wa mwenye daftari haukubadilishwa.

Nawaambia vijana wangu jambo hili kwa sababu ndilo linalowangoja hapa kwetu. Kijana ninayemfahamu aliandika hadithi nzuri, akapewa fedha kidogo na karatasi ya kurasa nyingi, akaitia saini palepale akisimama kwa furaha, na leo hadithi ile si yake tena, hata jina lake halimo. Yeye anajua kusoma, tena vizuri. Hakusoma tu.

"Mother India" ilianza kuonyeshwa tarehe 25 Oktoba 1957. Nargis, aliyekuwa na miaka 28 tu, alicheza tangu ubibi harusi hadi uzee wa mvi, na mwaka 1958 akapewa tuzo ya mchezaji bora wa kike katika tamasha la Karlovy Vary. Filamu yenyewe ilikuwa ya kwanza kupelekwa na Bara Hindi kushindania tuzo za Oscar kwa filamu za lugha za kigeni, ikaingia katika tano za mwisho, na ikashindwa na picha ya Mtaliana Federico Fellini. Inasemekana ilishindwa kwa kura moja.

Katika nyumba za senema za Mombasa kama Naaz na Regal, ambazo leo hazionyeshi tena picha, na vilevile Unguja na Dar es Salaam, picha za aina hii zilirudishwa tena na tena, na wanawake waliozitazama walizieleza nyumbani kwa wale waliobaki na watoto. Nimesikia "Mother India" ikisimuliwa na bibi ambaye hakupata kuiona hata mara moja. Aliipata kwa shoga yake. Alipofika mahali pa gharika alisimama, akainua mikono kama mtu aliyebeba mtoto mabegani, na wote tuliokuwapo tukainua miguu kutoka majini. Sijui kama kuna tuzo kubwa kuliko hiyo kwa mtu ambaye hadithi zake mwenyewe zilianza kwa mdomo.

Picha yake ya mwisho, "Son of India" ya mwaka 1962, haikupendwa. Mchezaji wake mkuu alikuwa Sajid Khan, mtoto aliyemlea kama wake, yule yule aliyecheza Birju alipokuwa mdogo. Mwaka 1963 serikali ilimpa Mehboob nishani ya Padma Shri. Moyo wake ulikuwa umekwisha kuanza kumsumbua, lakini alikuwa na hadithi nyingine tayari: habari za Habba Khatoon, mtunga mashairi wa Kashmir wa zama za kale, mwanamke wa kijijini aliyeolewa na mfalme kisha akatenganishwa naye. 

Tarehe 27 Mei 1964 alikufa Waziri Mkuu Jawaharlal Nehru. Tarehe 28, nchi ikiwa katika kilio, Mehboob Khan akafa kwa maradhi ya moyo, akiwa na umri wa miaka 56, akazikwa Bombay katika makaburi ya Waislamu ya Marine Lines. Mwenyezi Mungu amrehemu. Mwaka 2007, ulipotimia mwaka wa mia tangu azaliwe, posta ya Bara Hindi ilitoa stempu yenye sura yake. Studio ya Bandra ingali inatumiwa. Filamu ya Habba Khatoon haikutengenezwa.